Sharti la Mchezo wa London

Gari ya watu wa Sur ilipoingia uani, Tahira alikuwa jikoni akipanga vikombe vya kahawa, na jambo la kwanza lililomjia ni kwamba kikombe kimoja kina ufa. Ndani ya gari ile alikuwamo mume wake. Hajamtia machoni kwa karibu miaka miwili, na yeye anageuzageuza kikombe kutafuta upande mzima.

Msimwone jiwe. Alikuwa na moyo kama wenu, tena moyo mwepesi, wa kulia hata akisomewa hadithi. Lakini moyo nao ni kama mguu: ukiukalia sana hufa ganzi, ukauchoma sindano usiseme kitu.

"Tahira! Washafika!" Mama yake, Bi Turkiya, aliingia mbio, mwili mzima unanuka moshi wa shuwa. Ilikuwa Idd kubwa ya mwaka 2001, siku yake ya pili, na nyama yenyewe, iliyofukiwa shimoni tangu jana, ilikuwa inangoja kutolewa. "Umetia wanja?"

"Nimetia, mama."

"Uko wapi? Mbona mie siuoni?"

"Nlitia asubuhi."

"Ule wa asubuhi wa Idd. Huu wa mume. Nenda katie mwengine, mwanangu. Babako kamwita mtu huyu kwa simu kutoka huko huko London. Leo ndo leo. Ama akuchukue ama akuache."

"Nikimaliza vikombe."

Bi Turkiya alimtazama binti yake. Alikichukua kile kikombe chenye ufa, akakirudisha kabatini, akatoka.

Kwa msiojua desturi ya Ibra, huku Oman, mambo huenda hivi. Kwanza hufungwa malka, ndiyo ndoa yenyewe, mbele ya shekhe na mashahidi. Halafu binti hubaki kwa baba yake mpaka siku ya harusi, mume aje amchukue. Ni mke, na bado ni mtoto wa kwao. Kwa wengine kipindi hicho ni miezi tu, kitamu, cha simu za kuibaiba na zawadi za manukato. Tahira alifungishwa malka mwaka 1994. Bado alikuwa analala chumba kile kile alicholala alipokuwa mwanafunzi, na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu wa hesabu, anaendesha gari kila asubuhi mpaka mji wa Samad kufundisha mabinti wa watu.

Na sababu? Sababu ilikuwa ni mchezo wa kuigiza.

Nadhir, mume wake, mtoto wa watu wa Sur, mji wa pwani, alikwenda London kusomea umeme, akatoka na cheti, akaingia kazi katika thieta. Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyimbo mwanzo mpaka mwisho. Watu wanaimba hata wakiombana maji. Kazi yake ilikuwa kukaa juu kabisa karibu na dari, gizani, na taa kubwa ya kumfuata mwimbaji kila anapokwenda. Alipokuja kuposa, baba yake Tahira, Mzee Marzouq, hakufurahi hata kidogo.

Mzee Marzouq alizaliwa Tabora, akakulia dukani kwa babake, na sasa ana duka lake la spea za magari hapo Ibra. Alikuwa na mambo mawili asiyoyataka. Hataki binti yake awe mke wa mtu wa ngoma. Na hataki kabisa kabisa mwanamume anayekimbia kazi katikati.

"Agrimenti ni agrimenti," alisema siku ile, majlis, chumba cha wageni, imejaa watu. "Sikwambii uache kazi ya watu ukimbie kama mwizi. Imalize. Mchezo wao ukifungwa, rudi, shika kazi ya maana, umchukue mkeo. Jee, mchezo wenyewe una umri gani?"

"Unaingia mwaka wa nane, ami."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Wa nane! Basi huo kizee, uko sakaratini. Mchezo mrefu nliouona mie Tabora ulikwenda jioni mbili, na ile ya pili tulibaki mie na walimu."

Majlis nzima ikacheka. Sharti likasemwa mbele ya shekhe: Nadhir hatamchukua mkewe mpaka mchezo ule ufungwe. Nadhir akalikubali. Tahira, nyuma ya pazia, akalikubali. Nani asingelikubali?

Kosa la Mzee lilikuwa la mtu wa duka. Kwake yeye kitu kikizeeka hakinunuliki. Hakujua kwamba kule kuna michezo ambayo kadiri inavyozeeka ndivyo watu wanavyoikimbilia. Mtu anakwenda kwa kuwa mama yake alikwenda. Mgeni anashuka uwanja wa ndege leo, kesho yuko kwenye foleni, kwa kuwa ameambiwa mchezo huu umedumu kuliko ile mingine. Hajui hata unahusu nini. Umedumu, basi aende, na kwa kwenda kwake unadumu zaidi. Kila mwaka wenye mchezo walikata keki, na kila mwaka Nadhir alituma picha yake na keki, na kule Ibra watu wakaitazama keki ile kama watu wanaotazama jeneza.

Bi Turkiya alishika dua. "Ya Rabbi, watie uvivu watu wa London, wakae majumbani mwao." Binamu yake Tahira, Asaad, alipokwenda kutembea huko, aliapishwa kwa Msahafu asikate tiketi.

Halafu mwaka 1998 Nadhir alipiga simu, sauti inamruka kwa furaha. Tangazo limebandikwa mlangoni: mchezo unafungwa. Nyumba ikawa haikaliki. Vitambaa vikanunuliwa, mpiga hina akaletwa, akamchora Tahira mikono mpaka viwikoni na miguu mpaka magotini. Kumbe London nzima nayo imesikia, na kila aliyekuwa akisema atakwenda kesho akakimbilia leo. Foleni ikazunguka jengo. Wenye mchezo, watu wa biashara, wakalibandua tangazo lao kimya kimya. Nadhir alipiga simu tena hina haijakauka vizuri.

Tahira hakulia. Jumamosi alikwenda skuli na hina yake ya harusi. Wanafunzi wakamwuliza bwana harusi yuko wapi, akawaambia wafungue vitabu. Ilififia yenyewe, kucha kwa kucha, na pamoja nayo kikafifia kitu chengine ambacho hakukipa jina.

Basi huyo ndiye aliyebeba sinia la kahawa siku ile ya Idd, akaingia majlis.

"Shikamoo, khalati," alimwambia Bi Mahbouba, mama yake Nadhir.

"Marahaba, mke wa mwanangu. Mashallah, hukui wewe."

Nadhir alikuwa amekaa baina ya mama yake na kaka yake. Alikuwa mweupe kwa kukosa jua, na kanzu yake mpya ilikuwa bado ina mikunjo ya pakiti. Walitazamana. Zamani, kutazamana hivyo kungemtosha Tahira mwezi mzima. Leo aliona mikunjo ya kanzu, akafikiri kwamba hotelini au nyumbani kwao Sur lazima pasi ilikuwapo.

Mzee Marzouq hakungoja hata kahawa ya pili.

"Nadhir, mwanangu. Mie nlisema neno mbele ya watu, na mbele ya watu nalitoa. Sharti langu halipo tena, nshachoka nalo. Mchezo uendelee, usiendelee, shauri yao na nyimbo zao. Mkeo huyo. Mchukue leo. Ukitaka mpeleke Sur, ukitaka mpeleke London."

Bi Mahbouba aliachia kigelegele kilichotikisa madirisha. Bi Turkiya akakipokea kutoka ukumbini. Halafu wanawake wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakakatiza, kwa sababu waliutazama uso wa Nadhir.

Nadhir alikuwa amebadilika rangi.

"Ami," alisema. "Shukran, ami. Ila... imekuja ghafla."

"Ghafla?" Mzee alijiinamisha mbele kama ambaye hakusikia vizuri. "Miaka saba, halafu ghafla?"

"Yaani nlikuwa nimejipanga, mchezo ukisha..."

Kaka yake alimkanyaga mguu. Bi Mahbouba akasema kwa sauti ndogo, "Nadhir, una wazimu?" 

Tahira aliliweka sinia chini. Alishangaa jinsi mkono wake ulivyotulia.

"Baba, nipe ruhusa nizungumze naye."

"Ni mumeo. Huna haja ya ruhusa yangu," alisema Mzee, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima kweli kweli.

Walikwenda baraza ya nyuma, penye tangi la maji na kamba ya nguo. Nguo za Idd za watoto wa jirani zilikuwa zimeanikwa hapo. Tahira alimwekea kiti cha plastiki, naye akakaa kwenye kizingiti.

"Umetoka mvi," alimwambia.

"Na wewe umekonda."

"Lile lililokupata pale ndani lilikuwa nini?"

Nadhir alizitazama nguo za watoto. "Khofu."

"Ya baba?"

"Laa. Nlizoea kusema mchezo haujesha. Mama akiniuliza, haujesha. Wewe ukiniuliza, haujesha. Leo babako kaniondolea, nikajikuta sina la kusema."

"Lakini ulikuwa unaweza kuacha kazi. Wakati wowote. Ungekuja ukamwambia baba nimeacha, angekasirika mwezi, angesamehe."

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

"Siku zote, Tahira."

Alikuwa mkweli, huyo Nadhir, ukimkamata. Shida ilikuwa kumkamata. Tahira aliitikia kwa kichwa, kama anayesikiliza mwanafunzi akieleza kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani.

"Nieleze kazi yako," alisema. "Hujanieleza hata siku moja ikaingia akilini."

Akamweleza. Kila usiku anapanda ngazi za chuma, anakaa gizani, bibi mwimbaji anaingia, yeye anamfuata na taa. Anajua atapinda wapi, anajua atavuta pumzi wapi. Waimbaji wanaondoka, wanakuja wengine, wanavaa gauni lile lile na kupita njia ile ile. "Mtu akikaa hivyo muda mrefu," alisema, "siku isiyokuwa na njia inamtisha. Mie sijui tena kuingia mahali nisipojua mwisho wake."

"Unampenda?"

"Nani?"

"Huyo unayemmulikia."

"Yupi? Si nimekwambia wanabadilika." Alicheka kidogo. Tahira hakucheka, akaacha.

"Nadhir, ulinambia kwenye simu, utanipenda mpaka usiku usahau njia ya kurudi. Unakumbuka? Nlikuwa nikiyasema maneno hayo ndani ya gari asubuhi, peke yangu, mpaka Samad."

Nadhir aliinamisha kichwa. Sikio lake likawa jekundu.

"Nini?" Tahira aliuliza.

"Yale... ni ya kwenye mchezo. Anayaimba bwana mmoja kabla ya mapumziko. Mie nliyatia Kiswahili tu."

"Na lile la kuniweka mahali pa pumzi?"

"Hilo la mwisho mwisho, pazia likikaribia kushuka."

"Na siku ya hina? Ulinambia, usilie, mie ni yule yule."

"Na hilo," alisema. "Wallahi sikukusudia kukudanganya. Nayasikia kila usiku, yanatoka yenyewe. Nikitafuta la kukwambia, naona yale yapo tayari, mazuri kuliko yangu."

Tahira alingoja liume. Alijipa muda kabisa, akakaa kimya na mikono mapajani, kwa kuwa alijua mwanamke mwengine hapo angepiga kelele. Halikuuma. Alizitazama zile nguo za watoto, akafikiri zitakauka kabla ya alasiri. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba ameambiwa neno kama lile na yeye anafikiria nguo za jirani.

"Basi sema moja lako," alisema. "Lisilokuwa la mchezo."

Nadhir alifikiri. Kwa kweli alifikiri, uso umemkunjamana, na Tahira akamngoja.

"Siku ya malka," alisema mwisho, "ulipoletwa kunisalimia, ulikuwa umevaa ndara za mama yako. Zinakupwaya. Ukawa unatembea ukiziburura, na ulikuwa unazionea haya ndara, si mie. Nikasema ndani ya nafsi yangu, huyu ndiye."

Kitu kilimtikisika Tahira, chini kabisa, kikatulia tena.

"Hilo zuri. Mbona hukunambia?"

"Nliliona dogo. Kule kila kitu kinasemwa kwa sauti kubwa, na ngoma chini yake."

"Na jengine?"

"Jengine sina," alisema Nadhir. "Sikukaa na wewe nikalipata."

Kwa mbali wanaume walikuwa wanaitana waende wakafukue shuwa, na mmoja alikuwa anagombana na mwenzake kuhusu mwiko wa chuma.

"Unataka kurudi huku?" Tahira aliuliza.

"Laa."

"Unataka nije mie kule?"

"Utakaa na nani? Usiku niko kazini, mchana nalala."

"Basi unataka kuniacha."

"Sitaki!" Alisimama kitini. Machozi yalikuwa yamemjaa, machozi ya kweli. "Sitaki, Tahira. Nikikuacha, nani atakuwa ananingoja?"

Alijisikia mwenyewe alivyosema. Akakaa tena polepole, akafunika uso kwa viganja.

Tahira hakukasirika. Alisogea, akamwekea mkono begani, mume wake wa halali, na huo ulikuwa mguso wao wa kwanza tangu kaka yake Nadhir alipowapiga picha siku ya malka wakiwa wameshikana mikono. Bega lilikuwa na joto. Lilikuwa bega la mtu.

"Nadhir, niache."

"Unanichukia?"

"Natamani ningekuchukia. Ningekuwa na kitu. Nimekuona pale majlis, mtu niliyemwombea kila sala, nikaona tu kanzu yako haijapigwa pasi. Niache leo, tungali tunaweza kusalimiana."

"Nipe muda, nikirudi nizungumze na wakubwa wa kazini, labda mpaka..."

"Usiseme mpaka," alisema Tahira. "Sema lolote jengine, hilo usiniambie."

Nadhir alijifuta uso kwa mkono wa kanzu mpya. Aliinuka, akaingia ndani mbele yake. Mbele ya Mzee Marzouq, na kaka yake shahidi, alilisema neno la talaka, talaka moja, kwa sauti iliyokatika katikati ikabidi alirudie. Hakukuwa na kishindo. Bi Mahbouba alijipiga kifua. "Ngoma hii! Nlisema mie, ngoma italetea watu mikosi! Nlitaka mtoto asome umeme, akasoma umeme aje kuwamulikia watu wanaoimba!" Hakuna aliyemnyamazisha. Bi Turkiya, machozi yanamtiririka, alikwenda shimoni akafunga nyama ya shuwa kwenye majani na magazeti, akaitia katika gari yao, kwa sababu mgeni wa Idd haondoki mikono mitupu hata akiwa ameiacha nyumba matangani.

Gari ikatoka kushika njia ya Sur. Nadhir alikaa nyuma. Aligeuka kutazama, na Tahira akamwinulia mkono kama anavyomwinulia mwalimu mwenzake skuli zikifungwa.

Wakabaki watatu ukumbini. Tahira akaanza kukusanya vikombe, maana vilikuwapo.

"Subira, mwanangu," alisema Bi Turkiya huku anapenga. Akili yake ilishakwenda kwenye mambo ya wanawake, zile siku ambazo mwanamke aliyeachwa hungoja kabla ya kuwa huru, na ndiko ilikojificha. "Sasa eda. N'tamwambia jirani, Fakhriya, alete nguo. Utakaa chumba cha ndani, skuli tutawaarifu, wenyewe wanajua. Marzouq, jee, eda yake tunaianzia leo au kesho? Na itakwisha lini?"

Mzee Marzouq alikuwa amekaa palepale, tasbihi mkononi, haihesabu.

"Hana eda," alisema.

"Vipi hana eda? Si ameachwa?"

"Ameachwa hajaingiliwa, Turkiya. Mke wa namna hiyo hana eda, ndivyo ilivyo sharia yetu." Akakohoa. Halafu akamgeukia binti yake, na hakumtazama usoni. "Huna cha kungoja, mwanangu. Hata siku moja. Uko huru tangu alipotoka mlangoni."

Kikombe kilimtoka Tahira mkononi.

Hakikuvunjika, kilizunguka tu kwenye zulia. Tahira alikitazama, akainama kukiokota, akakaa chini alipokuwa. Hata siku moja. Sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake. Alilia kwa kelele, kama mtoto aliyepotea sokoni, mkono mmoja umeshika sinia. Mama yake akamkimbilia, akamkumbatia, akimwambia nyamaza mwanangu, Mungu si Athumani, mwanamume kama yule hakufai. Tahira akawa anatikisa kichwa. Hakuwa anamlilia Nadhir, na hakuweza kuwaeleza.

"Baba," alisema alipopata pumzi. "Sasa kesho asubuhi nikiamka, nifanye nini?"

Mzee Marzouq, mtu ambaye tangu Tabora hakuwahi kukosa jawabu, aliinama akakiokota kikombe, akakiweka kwenye sinia.